Maji ya Pipa la Buluu

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba yule mama alilizunguka dimbwi.

Hakuna mtu anayezunguka dimbwi kwenye kituo chetu. Sisi tunaoosha magari tunashinda ndani ya maji hadi vifundoni, na wateja hukanyaga tu wakapita. Lakini yeye alishuka kwenye gari la serikali, akavivalisha viatu vyake mifuko ya plastiki yenye mpira mdomoni, halafu, ingawa miguu ilikuwa imefunikwa vizuri, akapita pembeni kabisa, mkono ukutani, ili asiguse maji. Nilijiuliza: mtu aliyevaa plastiki anaogopa maji ya nini? Sikumuuliza. Mimi si mtu wa kuuliza.

"Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya nzima," Amino alininong'oneza, "na huyu ameivaa miguuni mchana kweupe."

Amino ni binamu yangu. Chochote kinachopita kichwani mwake hutokea mdomoni. Mama yake, eedo Fardosa, ni dada wa baba yangu na ndiye mwenye kituo hiki cha kuosha magari hapa mtaa wa Iftin, Garissa. Eedo husema kwamba maneno ya wasichana wawili yaliletwa nyumbani siku moja, Amino akawahi kuyachukua yote.

Mimi naitwa Hibo. Nilifika kwa eedo nikiwa na miaka kumi na minne, kutoka Hulugho, baada ya ukame kumaliza mbuzi wetu. Nilikuwa darasa la sita. Eedo aliniuliza siku ile kama nitaitamani shule, nikamwambia hapana. Tangu hapo ni miaka saba ya brashi na sabuni. Nayajua magari ya barabara hii kama mtu anavyowajua majirani. Naweza kukuambia gari limetoka Habaswein au Hulugho kwa kuangalia rangi ya tope nyuma ya madigadi.

Yule mama alikuwa mtaalamu wa mionzi kutoka Nairobi. Aliitwa Bi Qabale, Mborana wa upande wa Wajir, mwenye miwani na sauti ya taratibu. Alikuja na Guleid, afisa wa majanga wa kaunti, mwanamume mrefu aliyekumbatia faili kifuani kana kwamba upepo ungeliiba.

Tulijua wanakuja, kwa hiyo eedo alikuwa amepanga viti. Diriye, dereva wa lori la ngamia, alikuwa wa kwanza kukaa, ingawa hakualikwa. Lori lake ndilo lililochaguliwa kuanza mazoezi siku hiyo, na tangu aambiwe alijiona yeye ndiye mgeni wa heshima.

"Madam," alisema, "wallahi nimeendesha miaka kumi na tisa. Nimebeba ngamia, nimebeba mbuzi, nimebeba saruji, na mara moja bwana harusi. Mionzi sijabeba."

"Huwezi kujua," Bi Qabale akamjibu. "Haina rangi wala harufu."

"Basi si mali yangu. Ngamia wangu wana vyote viwili."

Watu wakacheka, na Bi Qabale pia. Kisha akatueleza. Tuseme mahali mbali kabisa kinu cha nyuklia kimeharibika. Vumbi lake linapanda juu, upepo unalibeba, mvua inalishusha. Linatua juu ya majani, juu ya mifugo, juu ya lori la Diriye. Diriye haoni kitu. Anaendesha hadi Garissa, anasimama sokoni, anaenda Nairobi, na kila anapopita anaacha kidogo. Ndiyo maana serikali inataka mahali barabarani ambapo gari litasimamishwa, lipimwe, lioshwe, kisha lipimwe tena.

"Haijatokea," Guleid akasema haraka, maana watu walianza kukusanyika kwenye geti. "Hakuna kilichoharibika popote. Ni mazoezi."

"Na atakayefanya vizuri?" Eedo aliuliza swali hilo huku akijua jibu. Alitaka tu lisemwe mbele ya watu.

"Kituo kitakachofanya vizuri kitakuwa kituo cha dharura cha mji," Guleid akasema. "Kitapata tangi la lita elfu kumi, na mabomba yake."

Eedo alishusha macho na kurekebisha mtandio wake, lakini mimi nilimwona. Sisi tunaishi kwa maji ya mikokoteni ya punda. Siku ambazo punda wamekwenda kwingine, magari hupanga foleni hapa, kisha hugeuka na kuondoka, na eedo husimama getini akiyaangalia hadi yapotee. Tangi lile alikuwa ameshalichagulia mahali. Asubuhi hiyo niliona alikuwa amefagia mduara mkubwa karibu na ukuta na kuondoa mawe yote.

Kulikuwa na wapinzani. Wanaume wanaoosha magari karibu na daraja walifanya mazoezi yao jana yake. Walipewa magari matatu, mawili yakatoka safi, la tatu halikutoka safi.

"Sisi tunahitaji matatu," eedo alituambia kwa Kisomali, polepole, kama mtu anayeomba dua.

Bi Qabale akatoa kipimo. Kilikuwa kisanduku cha manjano chenye mpini na kioo kidogo cha tarakimu, na waya uliounganishwa na kitu kama kipaza sauti cha msikitini. Alipokiwasha kikasema tik. Kikanyamaza. Kikasema tik, tik.

"Kimeona kitu," Diriye akasema, akasogeza kiti nyuma.

"Hiyo ni ya kila siku. Iko ardhini, kwenye mawe, hata kwenye ndizi. Sikilizeni sasa." Akatoa kijiboksi, na ndani yake kitufe kilichozibwa kwenye plastiki ngumu, kidogo kama cha shati. Alipokisogeza karibu, kipimo kikaanza kutoa sauti kama simsim inayokaangwa. Alipokiondoa, kikarudi kwenye tik zake.

Vitufe kama hivyo, alisema, vilikuwa vimefichwa kwenye baadhi ya magari. Havina madhara, lakini mpimaji lazima avipate. Mbali na vitufe kulikuwa na unga. Huo ndio uliosimama badala ya vumbi. Ukimwagwa kwenye gari huuoni, lakini gizani, chini ya tochi ya zambarau, unawaka kijani. Vijana wa kaunti walikuwa wameshalifunika banda letu la kuegesha kwa maturubai meusi ili tupate giza.

Nilimwangalia Bi Qabale alivyopitisha kile kipimo juu ya meza kutuonyesha. Mkono wake ulienda karibu sana bila kugusa, na taratibu, kama mtu anayechora hina kwenye kiganja cha bibi harusi. Sikumwondolea macho.

"Nani atapima?" aliuliza. "Nahitaji mtu mwenye subira na anayezijua tarakimu."

"Amino," eedo akasema papo hapo. "Ana cheti cha kidato cha nne."

Amino akakichukua kipimo na kukitundika begani kama mkoba wa arusi. Mimi nikaokota brashi yangu.

Kabla ya kuanza, Bi Qabale alitupa masharti. Anza juu, shuka chini. Tambara lililofuta chini lisirudi juu. Na maji yote, yote kabisa, yaingie kwenye shimo lililotandikwa karatasi ya nailoni nyuma ya ukuta, kwa sababu vumbi likitoka kwenye gari halipotei, linahamia kwenye maji. Aliyasema kwa Kiswahili na Guleid akayarudia kwa Kisomali. Tukatikisa vichwa kukubali. Niliyasikia kwa lugha zote mbili na nikatikisa kichwa mara mbili.

Lori la Diriye likaingia kwanza. Amino akalizunguka na kipimo kwa mwendo wa mtu anayefukiza ubani nyumba nzima huku wageni wameshafika mlangoni. Alipopita gurudumu la nyuma nilisikia simsim, kidogo tu, halafu akawa ameshafika mbele ya lori.

Nikamvuta mkono wa dira lake, lile gauni pana.

"Nini?"

Nikamwonyesha madigadi kwa kidevu.

"Sema basi, ulimi hauna kodi."

"Rudi pale," nikamnong'oneza. "Nyuma ya madigadi, kwenye kona. Tope la Hulugho hujificha hapo. Na upitishe kama hina."

Akarudi. Kipimo kikakaanga simsim hadi Diriye akasimama. Kitufe kilikuwa kimebandikwa palepale.

"Nimekipata," Amino akamwambia Bi Qabale. Bi Qabale akaandika kitu, lakini kabla ya kuandika aliniangalia.

Kisha tukaosha. Malori ya ngamia huwekwa mchanga sakafuni ili wanyama wasiteleze, kwa hiyo tuliuzoa wote na kuutia magunia. Tukapanda juu ya kichwa cha lori, tukasugua turubai, kamba, bodi, rejeta, magurudumu. Eedo alishika mpira wa maji, akimwaga kwa vipimo kama anayempa mgonjwa dawa. Baada ya saa nzima lori likaingizwa bandani, nasi tukaingia nyuma yake. Bi Qabale akawasha tochi.

Lori lilikuwa jeusi tii, hakuna hata nukta ya kijani. Kilichowaka kilikuwa Diriye. Shati lake jeupe liling'aa kwa buluu kali, na meno yake pia.

"Mimi nimekwisha," alisema kwa sauti ndogo.

"Ni sabuni ya kufulia," Bi Qabale akamwambia. "Ina dawa ya kung'arisha. Unga wangu ni kijani."

"Mke wangu anafua vizuri," Diriye akatutangazia, na sauti yake ikarudi.

La pili lilikuwa Probox inayoleta maziwa ya ngamia sokoni. Amino alipima vizuri zaidi sasa, akakuta kitufe chini ya kiti cha dereva. Tukaosha, tukaingia gizani, nayo ikatoka safi. Eedo alitoka nje akasimama ndani ya ule mduara alioufagia, kisha akajifanya anatafuta kitu.

Ukafika wakati wa sala ya adhuhuri, tukapumzika. Hapa nitasema jambo ambalo hakuna aliyeliona. Nilimaliza kuswali mapema, na kipimo kilikuwa mezani peke yake, kimewashwa. Nilikishika. Nikakiweka kwenye kifua changu, juu ya moyo. Kikasema tik, kikanyamaza, kikasema tik. Kama kila mahali. Nilifarijika, sijui kwa nini. Niliposikia sandali za Amino nikakirudisha na kuanza kupanga ndoo ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

Gari la tatu lilikuwa ambulensi. Amino aliipima mbele, nyuma, ndani na chini, polepole kama hina, na kipimo hakikukaanga chochote.

"Hii haina kitu, madam."

"Ioshe vilevile," Bi Qabale akasema.

Maji ya mikokoteni yalikuwa yamebaki mitungi miwili tu. Eedo akaniashiria niitumie kwa kujibana, nami niliona hakuna haja hata ya kuigusa. Gari lenyewe lilikuwa safi. Nikaliosha kwa ndoo na tambara, juu hadi chini, kwa utaratibu wote tuliofundishwa, nikalifuta likang'aa. Dereva wake alisimama pembeni akipiga soga na Diriye, aliyekuwa ameuegemea mlango wa nyuma hadi nilipomsogeza kwa ndoo.

Tukaingia bandani. Bi Qabale akawasha tochi.

Boneti ilikuwa ya kijani. Milango ilikuwa ya kijani. Mistari mirefu ya kijani ilienda na kurudi ubavuni kote, kama mtu aliyejaribu kuandika na asiyejua herufi. Paa lilikuwa na nukta nukta kama anga ya Hulugho. Nilimsikia eedo akivuta pumzi na kutoitoa.

Bi Qabale akazima tochi, akatutoa nje kwenye jua.

"Gari hili sikulitia unga," alisema. "Lilikuja safi. Nililileta ili nione kama mtalitambua, na mlilitambua. Lakini limetoka chafu." Akaangalia saa yake. "Wenzenu wa daraja nao waliniletea gari chafu, na nilipowauliza uchafu ulitoka wapi, wakasema ni tochi yangu mbovu. Ninyi nawapa nusu saa. Niambieni ulitoka wapi, na mlisafishe. Baada ya hapo Guleid ataandika alichokiona."

Amino hakuhitaji nusu saa. "Ni Diriye. Ametoka kwenye lori lake akaja kuegemea ambulensi."

"Abaayo, dada yangu, nimeegemea mlango mmoja. Paa nalo nililiegemea?"

"Wewe ni mrefu."

"Guleid ni mrefu kuliko mimi. Muulize alikuwa wapi."

"Mimi nilikuwa naandika," Guleid akasema, akalikumbatia faili.

"Na wewe ndiye uliyekuwa ukirusha mikono kila ukisimulia," Amino akamwandama Diriye. "Umesimulia yule bwana harusi mara tatu. Hapo ndipo unga ulipopeperuka."

Diriye akatazama huku na huku kutafuta anayemtetea. Guleid akakohoa, akasema kwamba kama dereva ndiye aliyeleta unga, basi yeye na lori lake itabidi wasiondoke hadi waoshwe upya. Uso wa Diriye ukabadilika. Alikuwa na ngamia wa watu wanaomsubiri Habaswein kabla jua halijazama, na hilo tulilijua wote, maana alikuwa amelisema mara nyingi zaidi ya bwana harusi.

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mfereji. Nilikuwa nalitazama dimbwi, na nikakumbuka viatu vya plastiki.

Bi Qabale hakuogopa kulowa. Alikuwa ameyaona maji ambayo hajui yamepita wapi, akayazunguka.

Nikageuza macho taratibu kwenye kibao.

Niseme sasa kuhusu kibao. Sakafu yetu ya saruji ina mfereji mmoja, na mfereji una kibao cha mbao. Kibao kikilala huku, maji yanakwenda nje. Kikilala kule, yanaingia kwenye pipa la buluu lililozikwa hadi shingoni. Gari likianza kuoshwa, maji ni tope, unayaachia yaende. Yakianza kutoka meupe, unageuza kibao kwa mguu, na maji ya mwisho ya gari hili yanakuwa maji ya kwanza ya gari lijalo. Ndivyo kila mtu anavyofanya Garissa, yeyote anayenunua maji kwa mtungi. Eedo alinifundisha wiki ya kwanza, na siku niliyosahau alinipiga kofi la mkono ambalo bado nalikumbuka. Baada ya miaka saba mguu wangu haunisubiri tena. Ukiona maji meupe, unageuza.

Asubuhi nilikilaza kibao upande wa nje, kwenye shimo la nailoni, kama tulivyoambiwa. Sasa kilikuwa kimelala upande wa pipa. Na ambulensi niliiosha kwa ndoo kutoka wapi? Kwenye pipa. Sikumbuki hata nilivyoyachota maji.

Moyo wangu ulianza kukaanga simsim. Nikinyamaza, Diriye atabeba mzigo, atacheleweshwa, na kesho atausimulia kama kichekesho. Nikisema, ni mimi niliyemnyang'anya eedo tangi lake, kwa mguu wangu mwenyewe, mbele ya watu wa serikali.

Nikachukua ndoo. Nikachota kwenye pipa maji yaliyoonekana safi ya kunywa. Nikamwendea Bi Qabale, nikanyoosha mkono kwenye tochi. Akanipa bila kuuliza. Nikaingia bandani na ndoo yangu, na wao wakanifuata mmoja mmoja, Amino akiendelea kumshtaki Diriye hadi mlangoni.

Nikawasha tochi juu ya maji. Yaliwaka. Kijani kilizunguka humo taratibu, kizuri ajabu, kama mafuta juu ya mchuzi.

Nilitumaini hiyo ingetosha. Nilitumaini ndoo ingesema badala yangu. Lakini Guleid akauliza, "Sasa hii ni nini?" na wote wakaniangalia, na shati la Diriye likiwa linawaka pale kama taa.

"Ni maji ya pipa," nikasema. "Ni mimi. Niligeuza kibao. Maji ya mwisho ya lori na ya Probox nimeyaweka akiba, kama siku zote. Halafu nimeosha ambulensi kwa hayo. Diriye hana kosa. Shati lake ni sabuni."

"Kumbe huyu anaongea," Diriye akasema. "Miaka saba nimemwona. Nilidhani ni bubu mwenye heshima."

Nilimtafuta eedo gizani. Alikuwa ameweka mkono mdomoni. Nikadhani ananikasirikia, kisha nikaona mabega yake. Alikuwa anacheka bila sauti.

"Mimi ndiye niliyemfundisha," alimwambia Bi Qabale. "Mimi nilimpiga kofi kwa kumwaga maji kama hayo. Kama kuna wa kuandikwa, niandikwe mimi."

Bi Qabale alivua miwani akaifuta, ingawa kule gizani haikumsaidia kitu. "Nyanya yangu," alisema, "alikuwa akituoshea vyombo kwa maji fulani, kisha yale maji yakanywesha ndama, na yaliyobaki yakamwagwa penye mti. Siku yangu ya kwanza ya mafunzo, mwalimu alinikuta nimeyakinga maji ya kuoshea gari kwenye beseni. Aliniuliza ni ya nini. Sikujua hata nilipoyakinga. Ilikuwa mikono tu." Akaivaa miwani. "Mmeniambia ulitoka wapi. Zimebaki dakika kumi na nane. Gari bado ni chafu."

Tukatoka mbio. Mitungi miwili haikutosha ambulensi iliyopakwa kijani kutoka paa hadi magurudumu. Eedo alishaanza kupiga simu kumtafuta mtu yeyote mwenye punda. Hapo Diriye akapanda kwenye lori lake, akaanza kushusha mitungi. Mmoja, mitatu, sita. Yalikuwa maji ya kuwanywesha ngamia njiani.

"Watakunywa Habaswein," alisema. "Huyu msichana amenitetea kwa maneno zaidi ya yote aliyosema tangu azaliwe. Nitayalipaje?"

"Kwa kufunga mdomo na kumwaga," Amino akamwambia, akamshikisha ndoo.

Kabla ya tone la kwanza kuanguka nilikilaza kibao upande wa shimo, nikaweka jiwe juu yake, na juu ya jiwe nikamwambia Amino asimame. Alisimama. Kutoka pale aliamrisha kila mtu. Nikapanda paa la ambulensi na tambara jipya. Nilifuta, nikalitupa, nikachukua jingine. Juu, kushuka, bila kurudi. Eedo alimwaga maji bila kuyapima, na nilimsikia akisema bismillahi kwa kila mtungi.

Dakika mbili kabla ya muda kwisha, ambulensi ilikuwa gizani. Bi Qabale akaizunguka na tochi kimyakimya. Boneti, milango, paa, bawaba za milango, nyuma ya kioo cha kando. Kulikuwa na giza tu, na Diriye.

"Pima tena," Bi Qabale akasema. "Gari halitoki bila kipimo cha mwisho."

Amino alikuwa ameshakishika. Akanitazama, akakivua begani na kunivalisha mimi.

"Mkono wangu una haraka," alisema. "Na hina sijui kuchora, unajua mwenyewe."

Nilipima. Nilianzia kwenye paa nikashuka, karibu bila kugusa. Tik. Kimya. Tik, tik. Bi Qabale alinitaka nisome kioo, nikamsomea, tarakimu moja moja, kila upande. Aliandika nilichokisoma bila kuangalia mwenyewe. Nilipomaliza mgongo wangu ulikuwa umelowa jasho, na sikutaka kukivua.

Diriye aliondoka akipiga honi hadi mwisho wa barabara, mchanga wake mpya sakafuni na mitungi yake mitupu ikigongana. Eedo alichemsha chai ya maziwa. Guleid alikaa, akafungua faili kwa mara ya kwanza bila kulikumbatia.

"Magari matatu, matatu safi," alisema. "Kosa moja, limepatikana na wao wenyewe, limesahihishwa ndani ya muda. Madam ametia sahihi. Tangi litakuja Alhamisi. Mtaliweka wapi?"

Eedo alimwonyesha ule mduara kwa kidole. Ulikuwa umelowa maji ya ngamia, lakini bado ulionekana.

"Na nahitaji majina mawili ya kituo," Guleid akaendelea, akafungua kalamu. "Msimamizi wa kuosha, na mpimaji. Mpimaji atafundishwa na madam kwa wiki mbili, kisha kipimo kitabaki mikononi mwake."

"Msimamizi wa kuosha, Hibo," eedo akasema. "Magari yote ya barabara hii anayajua. Mpimaji, Amino. Ana cheti."

Guleid akaandika jina langu kwenye mstari wa kwanza. Bi Qabale alikuwa anakoroga chai yake ambayo sukari ilishayeyuka zamani. Amino alifungua mdomo, akaniangalia, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaufunga. Alikuwa ananisubiri.

Kalamu ikashuka kwenye mstari wa pili. Nilikumbuka siku niliyofika, eedo aliponiuliza kama nitaitamani shule na mimi nikasema hapana, kwa sababu alikuwa na watu wengi wa kulisha na sikutaka niwe neno moja la ziada kwenye nyumba yake. Tangu siku ile sikuwahi kumwomba kitu.

"Eedo," nikasema, "nilikudanganya kuhusu shule. Niliitamani. Na kipimo nakitaka mimi."